Ngozi Iliyonuka Samli

Krii. Kifuniko cha sanduku letu la bati hulia hivyo, kama kifaranga aliyekanyagwa, hata ukikifunua kwa ncha za vidole. Nilikuwa macho. Yonasi alikuwa ananyonya huku amelala, nami nimefumba macho nasikiliza gizani. Nikasikia madaftari yangu yakisogezwa, kitu kizito kikiingizwa chini yake, kisha krii tena.

"Watson," niliita.

"Kumbe hujalala."

"Unaweka nini?"

"Ile ngozi." Alikuja akaninong'oneza sikioni, maana chumba chetu cha kupanga hakina dari, na ukikohoa, Fides wa chumba cha pili anakupa pole. "Usiiguse, mama Tuntufye. Usiianike, usiikung'ute, usimwoneshe mtu. Kesho kutwa narudi, nitakueleza yote."

"Unakwenda wapi tena? Si umefika jana jioni tu?"

"Kamsamba. Namfuata mwenzangu wa kazi."

"Mwenzako nani?"

Alifunga kamba za viatu vyote viwili kabla hajanijibu.

"Nyanzobe."

Akatoka kuwahi basi la kwanza. Mimi nikabaki na lile jina. Huku kwetu Tunduma tumechanganyika watu wa kila namna, na hata mtoto anajua kwamba Nyanzobe halijawahi kuwa jina la mwanaume.

Ngozi yenyewe ni ya mama yangu. Kwetu Ikinga, milimani Ileje, baridi haina mchezo, na katika ukoo wetu binti akijifungua mtoto wa kwanza hupewa ngozi ya kondoo ya kumbebea. Upande wa ndani umefikichwa mpaka umelainika kama kitambaa, upande wa nje sufu imeachwa. Mama alinibeba humo mimi na wadogo zangu wanne. Nilipomzaa Tuntufye alinikabidhi kwa mikono miwili, akanionya jambo moja tu: mwanamke mwingine asiishike. Ukimwachia ngozi yako, alisema, umemwachia na mgongo wako.

Na aliyempa Watson ngozi hiyo aende nayo machimboni ni nani? Ni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni ili nifanye mtihani wa sekondari nilioukosa kwa mimba ya Tuntufye. Tulikuwa watu wazima kumi na tisa kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yamegusa videvu, wengine tunanyonyesha. Jioni moja umeme ulikatika, na mwalimu Osea hakutaka turudi nyumbani bure, akatusimulia hadithi ya Wagiriki wa kale.

Alikuwapo kijana mmoja, alisema, akiitwa Yasoni, mtoto wa mfalme aliyenyang'anywa kiti. Aliyekikalia kile kiti akamwambia: nitakurudishia ukiniletea ngozi ya kondoo ya dhahabu, iliyotundikwa mtini nchi ya mbali, inayolindwa na joka lisilolala. Yasoni akaunda merikebu, akakusanya mashujaa hamsini, akaenda.

"Ndiye yule Yasoni wa Matendo ya Mitume, aliyewapokea akina Paulo nyumbani kwake?" aliuliza mzee mmoja wa kanisa, gizani.

"Hapana baba, yule alikuwa mtu wa dini. Huyu sikiliza mwenyewe."

Tukasikiliza. Joka lilimshinda Yasoni. Aliyelilaza ni binti wa mfalme wa kule ugenini, aliyempenda, akampa dawa. Yasoni akamwapia kwamba atamwoa na hatamwacha. Akabeba ngozi, akambeba na binti. Miaka ikapita, akaona bibi harusi mwingine, mwenye baba mkubwa zaidi, akamwacha yule aliyemsaidia. Yule mwanamke akaichoma nyumba yote kwa hasira.

"Na mke aliyekuwa amemwacha nyumbani?" nikauliza.

"Hakuwa na mke nyumbani, Ikupa."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejitafuta katika hadithi ile tangu mwanzo, nikakuta sipo.

Kabla hatujatawanyika mwalimu akaongeza neno. Alisema wako wanaodhani ile ngozi haikuwa ya miujiza. Watu wa kule walikuwa wakitandika ngozi za kondoo ndani ya mto, maji yakipita juu yake, na sufu inanasa chenga za dhahabu.

Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Watson wakati ule alikuwa anapakia mizigo kwenye malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, lakini zamani alishapita machimbo ya upande wa Mkwajuni. Nikamsimulia huku nampakulia ugali. Akaacha kula.

"Kule tunatandika mazulia makuukuu kwenye mwalo," alisema. Mwalo ni ule ubao wa mteremko ambao tope la mawe yaliyosagwa hutiririshwa juu yake. "Jioni tunayaosha palepale, tunaona tumepata nini. Lakini zulia linaachia sana. Chenga ndogondogo zote zinakwenda na maji." Akanitazama. "Sufu. Mama Tuntufye, wewe una akili."

Nikaenda sandukuni nikatoa ngozi. Yonasi alikuwa na mwezi mmoja. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge, nikamwambia Watson aende. Miezi minne sikumwona. Simu yake iliingia maji wiki ya pili, basi hata sauti sikuisikia.

Sasa Yasoni wangu amerudi, amelala usiku mmoja, na amemfuata mwanamke wa ugenini.

Kulipopambazuka nilifungua sanduku. Najua aliniambia nisiguse. Nilitaka kuangalia tu.

Kwanza ilinuka. Ngozi ya mama yangu hunuka moshi na maziwa ya mtoto. Hii ilinuka samli. Haikuwa samli ya dukani, ilikuwa ile ya kwenye kibuyu, inayosukwa na watu wa ng'ombe kule bondeni, ambayo ukiinusa unamwona kabisa mwenye kuisuka. Sufu yote ilikuwa imelowa samli, na juu yake tope limegandamana. Nikaigeuza upande wa ndani. Ilikuwa imepasuka pembeni, na ule mpasuko ulikuwa umeshonwa kwa mishono midogo midogo iliyopangika kama meno ya panya. Watson akishona kifungo anasokota uzi kama anafunga mbuzi. Ule haukuwa mkono wa Watson.

Nikachukua shati alilovua jana, nikalinusa kwapani na kolani. Samli.

"Kuna nini humo asubuhi yote hii?" Fides aliuliza juu ya ukuta. Yeye anauza vitenge vya ng'ambo, na ulimi wake hauna ushuru.

"Njoo unuse."

Akaja na mswaki mdomoni. Alinusa ngozi, akanusa shati, akautoa mswaki.

"Shoga, huyu mtu alikuwa anapakwa."

"Fides!"

"Mimi nimesema nini? Mwanaume miezi minne hajui kupika, hajui kushona, anarudi ananawiri kama ndama. Halafu anakwambia usiguse. Usiguse kwani kuna nini humo, kitovu cha mtoto wa mwenzio?"

Alicheka akaenda zake. Alikuwa anatania, Fides hutania hata msibani. Lakini lile neno la mtoto liliniingia. Nikamwona kabisa huyo Nyanzobe amejifunga ngozi ya mama yangu, ndani yake kuna mtoto mwenye masikio ya Watson. Nikaona amekaa na sindano jioni, anashona polepole, naye Watson kakaa karibu anamshikia uzi. Nilijua kwamba kule mazulia huoshwa kila jioni, kwa hiyo nilihesabu kuwa ngozi iliyofika nyumbani ni ngozi iliyomaliza kazi. Kilichobaki ndani yake kilikuwa mwanamke tu.

Nilinunua dumu zima la maji kwenye mkokoteni, nikakata nusu mche wa sabuni, nikaizamisha ngozi kwenye beseni. Niliifikicha mpaka vidole vikachubuka. Nilipoona samli haiachii nikachukua mwiko wa ugali, nikaipiga. Maji yakawa rangi ya chai, yakawa rangi ya matofali, yakawa meusi. Kila yalivyozidi kuchafuka nilifurahi. Yeye huyo anatoka, nilisema moyoni, yeye huyo. Mishono yake niliiacha mwisho, nikaifumua mmoja mmoja kwa wembe.

Sasa Tunduma hatumwagi maji. Maji kwetu ni ya kununua na ya kupanga foleni, basi ya kuogea yanadekia, ya kudekia yanakwenda chooni. Nje ya choo kuna ndoo kuukuu za rangi zimepangwa ukutani, kila mpangaji na yake, zimefunikwa. Mtoto wa Tunduma anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Nami nilimimina yale maji kwenye ndoo yetu, kwa mazoea, mpaka tope la mwisho la beseni. Halafu hasira ikanipanda upya. Yaani huyu mwanamke apige deki sakafu yangu?

"Tuntu! Chukua kopo, kamwage haya maji nyuma ya ua. Yote."

"Chooni, mama?"

"Nimesema nje! Sitaki kuyaona."

Tuntufye, miaka mitano, alinitazama kama niliyemwambia amwage uji. Kisha akaenda kuchukua kopo. Mimi nikaitundika ngozi kwenye kamba, na ile ndoo sikuifunua tena. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, haina harufu ya mtu. Usiku ule nililala vizuri.

Walifika siku ya tatu, kama alivyoahidi, saa kumi jioni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesuka, nimevaa kitenge kipya cha mkopo kutoka kwa Fides, nimembeba Yonasi, ili huyo mgeni aone mgongo wa nani una mtu.

Nilikuwa naomba Mungu awe mzee, au awe na sura ya kusikitisha. Hakuwa hivyo. Alikuwa mrefu, shingo ndefu, ananizidi labda miaka mitano, na meno meupe kabisa. Mkononi alikuwa na kibuyu kidogo.

"Hodi, wifi," alisema, akinyoosha kibuyu. "Nimekuletea samli."

"Wifi yako nani?"

"Mama Tuntufye," Watson alisema.

"Wewe nyamaza, nazungumza na mgeni. Wifi yangu ni dada yake Watson, yuko Itumba, namjua kwa sura. Wewe sikujui."

Nyanzobe hakukasirika. Wala sidhani kama alisikia. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye kamba. Kile kibuyu akakiweka chini taratibu, naye akakaa chini palepale kwenye vumbi, na lile gauni lake la safari.

"Kaka Watson," alisema. "Imeoshwa."

Watson alikwenda kwenye kamba. Aliishika sufu, akaifungua kwa vidole, akaiachia, akaishika tena mahali pengine.

"Ikupa," alisema. Tangu Tuntufye azaliwe hajawahi kuniita kwa jina langu. "Ikupa, nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisiguse mambo yako na huyu."

"Mambo gani? Humo mlikuwa na kazi ya wiki tatu!"

Ndipo akanieleza, pale uani, hata kunong'ona alisahau. Duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, lilipofika kwenye jiwe zuri, walianza kuogopa njia. Kutoka Mkwajuni mpaka Mbalizi kulikuwa na watu wanaowapekua wachimbaji mpaka ndani ya soksi. Basi wiki tatu za mwisho hawakuiosha ngozi. Waliiacha ile dhahabu mlemle ndani ya sufu, wakaikausha na tope lake. Ngozi chafu ya kubebea mtoto, nani ataipekua? Na kuna sheria moja kule, haikuandikwa popote ila kila mtu anaifuata: zulia la wenye mali wawili huoshwa wote wawili wakiwa wanatazama. Anayeliosha peke yake ni mwizi, hata kama hakuchukua kitu. Ndiyo maana hakuthubutu kuigusa mpaka amlete mwenzake, aliyekuwa ametangulia kwao Kamsamba ili wasionekane pamoja njiani.

"Na samli?" nikauliza.

"Ni mimi niliyempa hiyo akili," Nyanzobe alisema kutoka chini. "Ngozi ikilowa na kukauka kila siku inakuwa ubao, inapasuka. Kwetu ngozi tunaipaka samli. Nikaipaka, nikaishona. Halafu tukaona ile sufu yenye mafuta ndiyo inashika zaidi." Alifuta uso kwa kiganja. "Unajua nilikuchukia, wifi? Usiku na mchana kaka Watson anakutaja wewe. Hii akili kaipata mke wangu shuleni. Hii ngozi ni ya mama mkwe, tuiwekee heshima. Mke wangu anasoma, mke wangu atafanya mtihani. Mimi mume wangu Jilala alifukiwa na duara mwaka juzi, sina wa kunitaja hata mara moja. Nikisikia jina lako natamani kutupa ngozi mtoni. Nikaishona tu."

Ile mishono niliyoifumua ilikuwa bado imo kwenye kopo la taka, nyuzi fupi fupi.

"Sasa utafanyaje?" Watson alimwuliza, hajageuka.

"Nitafanyaje? Si unajua niliyowaambia shemeji zangu. Walitaka nirithiwe na mdogo wake Jilala, nikawaomba muda. Nikasema natafuta changu, nikirudi mikono mitupu mtanirithi, sitabisha. Wakasema huyo Mndali wako atakuibia. Nikasema ameapa." Alinyanyuka, akajipangusa vumbi. "Basi nitawaambia walikuwa sahihi."

"Nyanzobe, sijakuibia."

"Najua, kaka. Lakini wao nitawaonesha nini?"

Miezi yote minne nilikuwa naogopa Yasoni atanifanya nini mimi. Sikuwahi kufikiri kwamba ninaweza kusimama uani kwangu, na kitenge cha mkopo, nikamvunjia kiapo chake. Yule mwanamke wa ugenini alikuwa mbele yangu, amesaidia, ameapiwa, na sasa anarudi kwao kupewa mwanaume asiyemtaka. Aliyeichoma nyumba hakuwa yeye.

"Ni mimi," nikasema. "Waambie ni mimi. Watson hakujua. Nilinusa samli nikaona wivu, nikaosha peke yangu. Kama huko kwenu mwizi huapizwa, waniapize mimi kwa jina, Ikupa wa Ikinga."

"Maji umeyaweka wapi?" Watson aliuliza ghafla. "Kwenye ndoo? Tuone ndoo!"

"Nilimwambia mtoto akayamwage nyuma ya ua."

Hakungoja. Alikimbilia nyuma ya ua, akapiga magoti, akaanza kukwangua udongo kwa vidole, anaunusa, anausaga kiganjani, anautupa. Jua la siku mbili lilikuwa limekausha kila kitu, na kuku walikuwa wameparua. Nyanzobe alimtazama kidogo, kisha akaenda akapiga magoti karibu yake, naye akaanza kukwangua. Niliwaona mabega yao yanakaribiana, na nitasema kweli: hata wakati ule, hata baada ya yote, kitu kilinichoma. Nikamfunga Yonasi vizuri, nikaenda nikapiga magoti upande wa pili wa Nyanzobe. Tukawa watatu tunafukua vumbi kama watu waliopoteza sindano.

"Pole, wifi," nikamwambia.

"Fukua," alisema.

Tuntufye alitokea kwa Fides, ambako alikuwa anatazama televisheni. Alikuja akasimama mbele yetu, kidole mdomoni. Alimtazama baba yake aliyejaa vumbi mpaka kwenye kope, akamtazama mama mgeni, akanitazama mimi kwa muda mrefu, kama mtoto anayepima kama atachapwa. Kisha akakitoa kidole mdomoni.

"Mama, yale maji sikuyamwaga."